Kuteka Mji Kutoka Baharini: Kulichukua Muda Gani?

Pwani yetu ina rekodi mbili za vita ambazo watu wengi wanaijua moja tu. Ya kwanza ni ya Unguja, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipoipiga kasri ya Sultani na vita vikamalizika kwa dakika 38 hivi. Ya pili ni ya hapa Mombasa, kuanzia Machi 1696 hadi Disemba 1698, Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu, yaani Fort Jesus. Hiyo ilichukua miezi 33.

Vita vyote viwili vilitoka baharini, na baina ya Unguja na Mvita ni masafa ya siku moja au mbili kwa jahazi lenye upepo mzuri. Lakini kimoja kilichukua muda wa kunywa chai ya asubuhi, na chengine kikamaliza karibu siku elfu moja. Makala haya yanakusanya mifano ya uvamizi wa baharini, ya kwetu na ya ng'ambo, ili msomaji aone kila mmoja ulichukua muda gani na ni mambo gani yaliyourefusha au kuufupisha.

Kwanza tuelewane: "kufaulu" ni nini?

Anayesoma habari za vita vya baharini atakutana na hesabu zinazopingana. Mmoja atasema mji ulitekwa kwa siku mbili, mwengine atasema kwa miaka mingi. Mara nyingi wote wawili wako sawa, kwa sababu wanahesabu vitu tofauti. Kuna hatua tatu, na kila moja ina muda wake.

Hatua ya kwanza ni kushuka: askari kutoka chomboni, kufika nchi kavu na kubaki hapo wakiwa hai. Hii huhesabiwa kwa saa.

Hatua ya pili ni kuteka: mji, ngome au kisiwa kuingia mikononi mwa mvamizi. Hii huhesabiwa kwa siku, wiki au miezi.

Hatua ya tatu ni kukaa: mvamizi kutawala bila ya kufukuzwa. Hii mara nyingi huhesabiwa kwa miaka, na ndiyo ambayo vitabu vya sifa huiruka.

Mombasa na Wareno: siku mbili, kisha miaka 88

Francisco de Almeida aliondoka Lisbon mwezi Machi 1505 na msafara mkubwa wa merikebu. Kilwa aliifikia mwezi Julai na kuiteka karibu bila ya upinzani, kisha akaanza kujenga ngome. Katikati ya Agosti alikuwa mbele ya Mombasa. Watu wa Mvita walipigana nyumba kwa nyumba katika vichochoro, lakini mji ulitiwa moto, na tarehe 15 Agosti ukaangushwa na kuporwa. Kushuka na kuteka, vyote pamoja, vilikuwa kazi ya siku mbili.

Lakini Wareno hawakukaa. Walipakia walichopora wakaenda zao India, na watu wa Mombasa wakarudi kwenye magofu yao wakajenga tena. Hata Kilwa, ambako walikuwa na ngome, waliihama mwaka 1512.

Mwaka 1528 akaja Nuno da Cunha, akisaidiwa na watu wa Malindi. Aliuteka mji mwezi Novemba na akakaa humo miezi kadhaa akingojea upepo wa kumpeleka India. Wakati huo maradhi yaliwaua wengi katika watu wake kuliko silaha zilivyowaua. Mwaka 1529 aliuchoma mji na kuondoka. Kwa mara ya pili ulijengwa tena.

Kisha ikaja 1589. Amir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, alikuwa Mombasa akiungwa mkono na wenyeji. Msafara wa Kireno kutoka Goa ukaja mwezi Machi, na wakati uo huo Wazimba walikuwa upande wa bara wakitafuta njia ya kuvuka kuingia kisiwani. Mji uliangamia baina ya pande mbili hizo. Hata hivyo Wareno hawakukaa wakati huo pia.

Kilichowapa Wareno makao ni vita vya nchi kavu. Wasegeju, waliokuwa marafiki wa Malindi, waliiteka Mombasa miaka michache baadaye na kumkabidhi mtawala wa Malindi. Yeye akahamia Mvita, na Wareno wakaja kwa mlango uliokwisha kufunguliwa. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliana.

Kutoka 1505 hadi 1593 ni miaka 88. Katika muda huo mji ulitekwa kutoka baharini mara kadhaa, na kila mara mvamizi akaondoka.

Yusuf bin Hasan na msafara ulioshindwa, 1631–1632

Mwezi Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walikuwa wamemlea Goa na kumbatiza kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliiteka ngome kutokea ndani. Alikuwa na ruhusa ya kuingia, na kwa hivyo hakuhitaji kuizingira.

Wareno walileta msafara kutoka Goa mwanzoni mwa 1632. Walikuwa na merikebu, mizinga na askari wa kutosha, lakini baada ya wiki kadhaa walirudi bila ya kuipata ngome ambayo wenyewe ndio walioijenga. Mwezi Mei Yusuf aliamua kuondoka kwa hiari yake na chombo alichokipata kwa Wareno hao hao, na mwezi Agosti wakairudia ngome tupu. Basi ngome hiyo, iliyowashinda kwa nguvu za bahari, waliipata kwa kuachiwa.

Kuzingirwa kwa Ngome, 1696–1698: miezi 33

Kufikia wakati huo Waomani walikuwa wameshawatoa Wareno Maskati, mwaka 1650. Imamu Saif bin Sultan akatuma jeshi Mombasa, likafika mwezi Machi 1696, mwisho wa kaskazi. Kuteka kisiwa kulikuwa kazi nyepesi. Kilichobaki ni ngome, na ndani yake walikuwamo Wareno wachache pamoja na mamia ya Waswahili waliokuwa upande wao, wake na watoto.

Jambo hili hufichwa na usemi wa kila siku kwamba "Waarabu waliwatoa Wareno". Waswahili walikuwa pande zote mbili za ukuta. Mashuhuri zaidi katika waliokuwa ndani ni Bwana Daud wa Faza. Tauni na njaa viliwapukutisha Wareno hata ilipofika Agosti 1697 ulinzi wa ngome ulikuwa mikononi mwa Bwana Daud na watu wake wachache, pamoja na wanawake wa Kiafrika walioshika silaha ukutani.

Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo? Kwanza, Waomani hawakuwa na njia ya kubomoa kuta zile. Pili, mlango wa ngome upande wa bahari haukuzibika moja kwa moja, kwa hivyo msaada uliweza kupenya. Tatu, msaada wenyewe ulifuata pepo. Chombo cha kutoka Goa kilihitaji kaskazi, na cha kutoka Msumbiji kilihitaji kusi. Kila msimu ulipopita, pande zote mbili zililazimika kungojea mwengine.

Merikebu ya kivita Santo António de Tanna ilirudi kutoka Msumbiji mwezi Septemba 1697 na msaada. Mwezi wa pili yake ikazama mbele ya ngome. Mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1963, na wataalamu wa mambo ya kale wakayachimbua kuanzia 1977. Baadhi ya vyombo vilivyotolewa humo viko katika makumbusho ya Fort Jesus, na mkaazi yeyote wa Mombasa anaweza kwenda kuviona.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Disemba 1698 Waomani walipanda ukuta kwa ngazi. Ndani walikuta watu kiasi cha kumi na ushei tu. Siku chache baadaye merikebu za msaada zikatokea, zikaiona bendera nyekundu juu ya ngome, zikageuza tanga. Lau ngazi zile zingechelewa wiki moja, huenda hesabu yetu ya miezi 33 ingekuwa nyengine kabisa.

Wareno walirudi mwaka 1728 Waomani wenyewe walipokuwa katika fitina na watu wa Pate walipowaalika. Waliipata ngome upesi, lakini mwaka 1729 wenyeji waliwafukuza. Hawakurudi tena.

Shela, takriban 1812: mchana mmoja

Si kila mvamizi alitoka mbali. Mazrui wa Mombasa walishirikiana na Pate kuivamia Lamu, wakateremka Shela. Watu wa Lamu waliwakabili na kuwashinda ufuoni. Masimulizi ya Lamu yanaeleza kwamba walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yamepwa, madau na majahazi yamelala mchangani. Hapo ndipo wengi wao walipouawa.

Uvamizi huo ulimalizika kabla ya maji kujaa tena. Lakini Lamu iliogopa kisasi, ikaomba ulinzi kwa Sayyid Said wa Maskati. Ushindi wa mchana mmoja ukamleta mtawala mwengine pwani nzima.

Sayyid Said na Mazrui: miaka tisa

Sayyid Said alikuja Mombasa na manowari zake mwaka 1828. Kwa mapigano na mapatano aliweza kuweka askari wake ngomeni, lakini hawakudumu. Mazrui waliwazingira na kuwatoa. Misafara iliyofuata haikufua dafu. Mizinga ya merikebu ilipiga, askari wakashuka, na Mvita ikabaki kwa wenyewe.

Mabadiliko yalikuja baada ya Salim bin Ahmed kufariki mwaka 1835. Ukoo uligawanyika juu ya nani arithi, na baadhi ya wazee wa mji wakamgeukia Sayyid Said. Mwaka 1837 aliingia kwa mapatano. Kisha viongozi wa Mazrui wakakamatwa kwa hila na kupelekwa Bandar Abbas. Miaka tisa ya manowari ilimalizwa na ugomvi wa nyumba moja.

Unguja 1896: dakika 38

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Khalid bin Barghash akaingia kasrini na kujitangaza. Waingereza, waliokuwa na himaya juu ya Zanzibar tangu 1890, walimtaka mtu mwengine, Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 atoke.

Hakutoka. Manowari zilizokuwa zimetia nanga mbele ya kasri zilianza kupiga saa tatu na dakika mbili, na kiasi cha saa tatu na dakika arubaini bendera ilikuwa imeangushwa. Chombo cha Sultani, Glasgow, kilizama bandarini. Upande wa kasri watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza ni baharia mmoja aliyejeruhiwa vibaya.

Vita hivi hutajwa duniani kama kichekesho, "vita vifupi kabisa katika historia". Kwetu si kichekesho. Waliokufa ni watumishi, watumwa, walinzi na raia waliokusanyika katika kasri ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya mbao na haikujengwa kustahimili mizinga. Na ufupi ule una sababu yake: manowari zilikuwa zimeshafika, himaya ilikuwa imeshatiwa saini miaka sita nyuma, Sultani mpya alikuwa ameshachaguliwa. Dakika 38 ni kipande cha mwisho tu cha kazi iliyoanza muda mrefu kabla.

Khalid alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata 1916, wakampeleka uhamishoni. Alifariki hapa Mombasa mwaka 1927.

Tanga 1914: siku nne za kushindwa

Mwezi Novemba 1914 Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka India kuiteka Tanga. Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000, wengi wao askari wa Kiafrika.

Tarehe 2 manowari ya Kiingereza ilitangulia ikawapa Wajerumani onyo wajisalimishe. Onyo lile liliwapa muda wa kuleta askari zaidi kwa reli kutoka bara. Askari wa Kihindi walishushwa Ras Kasone usiku, wamechoka na bahari, wengi hawajapata mafunzo ya kutosha. Tarehe 4 walishambulia na kurudishwa nyuma. Nyuki waliotimuliwa na risasi wakawashambulia watu wa pande zote mbili. Tarehe 5 walirudi vyomboni na kuelekea Mombasa, wakiacha zaidi ya watu 800 waliokufa au kujeruhiwa, pamoja na bunduki, bombomu na risasi ambazo Wajerumani walizitumia kwa muda mrefu baadaye.

Tanga iliingia mikononi mwa Waingereza Julai 1916, miezi 20 baadaye, na jeshi lililoichukua lilitokea bara.

Madagaska 1942: siku mbili au miezi sita

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Uingereza iliogopa Wajapani wasije wakatumia bandari za Madagaska, iliyokuwa chini ya serikali ya Ufaransa ya Vichy. Kilindini wakati huo ndiyo iliyokuwa makao ya manowari za Kiingereza za Bahari Hindi, baada ya kuonekana Ceylon si salama.

Askari walishuka karibu na Diego Suarez tarehe 5 Mei 1942, na tarehe 7 bandari ilikuwa yao. Siku mbili. Lakini gavana wa Kifaransa alirudi nyuma na kuendelea kupinga. Septemba wakashushwa askari wengine Majunga, wakiwemo wa King's African Rifles kutoka Afrika Mashariki, na mapigano yakasimama tarehe 6 Novemba. Anayesema siku mbili anazungumzia bandari, na anayesema miezi sita anazungumzia kisiwa.

Ng'ambo: mifano mitano

Uingereza, 1066. William wa Normandy alingojea upepo kwa wiki nyingi. Alishuka Pevensey tarehe 28 Septemba, akamuua Mfalme Harold vitani Hastings tarehe 14 Oktoba, akavishwa taji London tarehe 25 Disemba. Ni siku 88. Lakini uasi uliendelea miaka kadhaa, na aliuzima kwa kuangamiza vijiji na mazao kaskazini mwa nchi.

Japani, 1274 na 1281. Wamongoli waliokuwa wakitawala Uchina walijaribu mara mbili. Mara ya kwanza walishuka ghuba ya Hakata na kurudi vyomboni baada ya mapigano mafupi. Mara ya pili walikuja na msafara mkubwa zaidi, lakini Wajapani walikuwa wameshajenga ukuta wa mawe ufuoni. Vyombo vikabaki baharini wiki nyingi hadi kimbunga cha mwezi Agosti kikavivunja.

Gallipoli, 1915. Uingereza na Ufaransa zilidhani manowari peke yake zitafungua njia ya Istanbul. Tarehe 18 Machi tatu kati ya manowari zao kubwa zilizama kwa mabomu ya majini. Wakashusha askari tarehe 25 Aprili. Walikaa zaidi ya miezi minane wakiwa wameganda karibu na fukwe zile zile, na wa mwisho wao wakaondoka Januari 1916. Huu ndio mfano mkubwa wa mvamizi aliyefaulu kushuka na kushindwa kuteka.

Normandy, 1944. Tarehe 6 Juni askari wapatao 156,000 waliingia Ufaransa kwa bahari na angani kwa siku moja. Siku ilichaguliwa kwa hesabu ambayo mvuvi yeyote wa Pwani ataielewa: maji yawe yamepwa alfajiri ili vizuizi vya ufuoni vionekane, na mwezi uwe mpevu usiku kwa ajili ya ndege. Hata hivyo hali ya hewa iliwachelewesha siku moja. Mji wa Caen, uliopangwa kutekwa siku ile ile, ulichukua zaidi ya mwezi. Paris ilipatikana tarehe 25 Agosti, siku ya 80. Ujerumani ilisalimu amri Mei 1945, miezi 11 baada ya kushuka.

Falklands, 1982. Argentina iliviteka visiwa hivyo tarehe 2 Aprili, kwa siku moja. Uingereza ilisafirisha jeshi kiasi cha kilomita 13,000, ikashuka tarehe 21 Mei na kumaliza tarehe 14 Juni. Mapigano ya nchi kavu ni kama siku 24. Ukihesabu tangu Argentina kuviteka, ni siku 74.

Miaka ya karibuni

Anjouan, kisiwa cha Komoro, 2008. Kanali Mohamed Bacar alikuwa amekataa amri ya serikali ya Muungano wa Komoro. Tarehe 25 Machi askari wa Komoro pamoja na wa Umoja wa Afrika, wakiwemo Watanzania na Wasudani, walishuka kisiwani. Miji mikuu ilitekwa siku hiyo hiyo, na Bacar akakimbilia Mayotte. Wenyeji wengi waliwapokea askari kwa shangwe, na hiyo ni sababu kubwa ya wepesi ule.

Kismayu, 2012. Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011. Tarehe 28 Septemba 2012 yalishuka kwa bahari karibu na Kismayu. Al-Shabaab waliuhama mji, na siku chache baadaye majeshi yakaingia. Kushuka kulikuwa alfajiri moja, lakini karibu mwaka mzima wa mapigano ya nchi kavu ulitangulia. Na suala la kukaa likaendelea kwa miaka baada ya hapo.

Hesabu kwa ufupi

- Unguja 1896: dakika 38
- Shela, takriban 1812: mchana mmoja, mvamizi akashindwa
- Anjouan 2008: siku moja
- Mombasa 1505: siku mbili kuteka, mvamizi hakukaa
- Tanga 1914: siku nne, mvamizi akashindwa
- Falklands 1982: siku 24 tangu kushuka
- Normandy 1944: siku 80 hadi Paris, miezi 11 hadi mwisho wa vita
- Uingereza 1066: siku 88
- Madagaska 1942: miezi sita
- Gallipoli 1915: zaidi ya miezi minane, mvamizi akashindwa
- Fort Jesus 1696: miezi 33
- Sayyid Said na Mombasa: miaka tisa
- Wareno na Mombasa, tangu kuteka hadi kukaa: miaka 88

Ni mambo gani yaliyoamua?

Ukiyatazama haya kwa pamoja, ukubwa wa jeshi hauelezi mengi. Tanga ilikuwa wanane kwa mmoja na mwenye wanane akashindwa. Mambo manne yanajitokeza zaidi.

La kwanza ni pepo na maji. Kabla ya injini, vita katika Bahari Hindi vilikuwa na msimu kama biashara. Aliyekosa kaskazi alikuwa amekosa mwaka. Hata wenye injini, kama kule Normandy, walisalia kuwa watumwa wa bamvua na mawimbi.

La pili ni chakula, maji ya kunywa na afya. Watu wa Nuno da Cunha na watetezi wa Fort Jesus waliuawa zaidi na maradhi kuliko risasi. Aliyeko merikebuni na aliyefungiwa ngomeni wote wawili wanaishi kwa akiba, na akiba huisha.

La tatu ni onyo. Unguja na Tanga zote zilipewa muda. Unguja haikuwa na pa kupata msaada. Tanga ilikuwa na reli, ikautumia muda ule.

La nne, na ndilo zito kuliko yote, ni mlango wa ndani. Wasegeju na Malindi mwaka 1592 hivi, Pate 1728, mgawanyiko wa Mazrui 1837, watu wa Anjouan 2008: kila palipokuwa na mwenyeji wa kumpokea mgeni, muda ulifupika. Palipokosekana, miaka ilipita. Na hata mgeni aliyeingia upesi alitolewa upesi wenyeji walipochoka naye, kama Wareno walivyotolewa 1729.

Ndiyo maana si vyema kuisoma historia ya Pwani kama orodha ya wageni waliokuja na merikebu: Mreno, Muomani, Mwingereza. Katika takriban kila tarehe iliyotajwa hapa kwetu, kulikuwa na Mswahili aliyefungua mlango na mwengine aliyeufunga, na muda wa vita ulitegemea yupi kati yao aliyekuwa na nguvu siku hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na kwa hesabu hizi walisema kweli.

Ukipata nafasi, nenda Fort Jesus wakati maji yakiwa yamepwa. Simama upande wa bahari uangalie pale Santo António de Tanna ilipozama, kisha utazame juu ya ukuta. Ni mwendo wa dakika chache tu kutoka majini hadi juu. Waomani uliwachukua miezi 33, na kwa sehemu kubwa ya muda huo waliowazuia walikuwa watu wa Faza, wa Malindi na wa Mvita wenyewe.